Transipozi au ki zote 12? Maswali ambayo wapiga kinanda wa Tanga huniuliza

Nafundisha kinanda hapa Tanga mjini. Wanafunzi wangu wengi ni wapigaji wa kwaya kutoka Chumbageni, Makorora na Mabawa, wengine huja kwa daladala kutoka Muheza, na wapo wawili watatu wa bendi za harusi. Mwezi haujaisha, kila mmoja ameshaniuliza jambo lile lile kwa maneno yake: nijifunze ki zote, au nibonyeze transipozi, kile kitufe cha kuhamisha sauti ya kinanda chote, yaishe? Nimeyaandika majibu ili mtu akinisimamisha tena sokoni Ngamiani nimpe asome, nami niendelee kuchagua nazi zangu.

Jambo moja la lugha kwanza. Sisi wapigaji tuna tabia ya kuita "ki" vitu viwili: kile kidude cheupe au cheusi kinachobonyezwa, na yale makazi ya wimbo, yaani mahali do inapokaa. Humu cha kwanza nitakiita kibonyezo, na cha pili ndicho ki.

Transipozi inafanya nini hasa ndani ya kinanda?

Kinanda cha umeme hakina nyuzi wala nyundo. Ukibonyeza, kinatuma namba ya noti, na mtambo unaigeuza namba hiyo kuwa sauti. Transipozi inaongeza au kupunguza ile namba kabla sauti haijatoka. Weka +1, bonyeza C, itatoka C shapu, yaani kibonyezo cheusi kinachofuata juu yake (flati ni kinyume, kinachofuata chini). Weka -2, C hiyo hiyo itatoka B flati. Kwenye Yamaha nyingi za familia ya PSR-E inafika nusu toni 12 juu na 12 chini (nusu toni ni hatua ya kutoka kibonyezo kimoja hadi jirani yake, vyeusi vikihesabiwa), ila imefichwa ndani ya Function, mpaka uitafute. Vinanda vikubwa vimeipa vitufe vyake viwili mbele kabisa, ndiyo maana wenye navyo huzoea vibaya haraka zaidi.

Usiichanganye na Oktava, ambayo huruka nusu toni 12 kwa mkupuo. Wala na Tuning, ambayo husogeza sauti kwa vipande vidogo kuliko nusu toni, ili ulingane na chombo ambacho A yake haikukaa kwenye 440 Hz. Nimewahi kumkuta kijana amegusa Tuning bila kujua, na kwaya nzima imekuwa ikimlaumu mpiga besi.

Mwalimu, kutumia transipozi si ni kudanganya?

Si kudanganya. Irving Berlin, mtunzi wa Marekani aliyezaliwa 1888 na kufariki 1989, alipiga karibu kila kitu katika F shapu, ambako mkono unalala juu ya vibonyezo vyeusi. Alikuwa na piano za kutengenezwa kwa namna yake, zenye wenzo wa kuhamisha ki: vidole vinabaki F shapu, wimbo unatoka kwingine. Moja ya piano hizo imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Wapiga gitaa nao wana kapo, kibano cha kupandisha ki, wanaibana kwenye shingo ya gitaa mchana kweupe, na sijasikia mtu akiwasema.

Lakini usikimbilie kujifananisha na Berlin. Yeye alikuwa anatunga, na alikuwa na watu wa kumwandikia noti. Wewe una kwaya ya watu 30, mpiga besi mwenye haraka, na mchungaji anayeanzisha pambio huku amefumba macho.

Basi kama si kosa, nihangaike na ki nyingine za nini?

Nikueleze kilichonikuta mimi. Harusi moja, ukumbi nauacha bila jina. Kwaya inaimba katika E flati. Mimi nimeweka +3, vidole viko C kwa raha zao. Umeme ukakatika. Waimbaji hawakunyamaza, waliendelea bila ala, tena wazuri kweli. Baada ya dakika kama mbili jenereta likanguruma, kinanda kikawaka, nami nikaingia kwa kishindo, kordi nzito, mikono miwili. Katika C. Vinanda vingi ukivizima na kuviwasha vinarudisha transipozi kwenye sifuri, na jambo hilo nililijua siku hiyo, mbele za watu. Bibi harusi aligeuza shingo taratibu. Mpaka leo naiona ile shingo.

Hiyo ni sababu ya aibu. Iko na nyingine isiyo na mkasa, nayo ndiyo ninayoijali zaidi: anayejua C peke yake hata hiyo C haijui vizuri. Chukua wimbo wowote mtamu ulio katika C. Kabla ya kwenda kwenye D ndogo (minor), mpigaji mzuri hupitia A saba, yaani kordi ya A iliyoongezewa noti ya saba. Kabla ya kutua G, hupitia D saba. Kabla ya A ndogo, hupitia E saba. Kordi hizo zina vibonyezo vyeusi, na kwao hasa ni ki nyingine: A saba kwao ni D, D saba kwao ni G, E saba kwao ni A. Asiyewahi kuishi katika ki ya D hukutana na A saba kama mgeni mlangoni, anaikwepa, na upigaji wake unabaki ule wa kordi tatu, wimbo baada ya wimbo. Wanafunzi huniambia "mwalimu, nimekwama, nyimbo zangu zote zinafanana." Nikitazama, karibu kila mara ni mtu wa C na transipozi. Kitufe kimempa ki 12 kwa nje na kumwacha na moja ndani.

Halafu kuna siku utakuta piano ya mbao, au harmoniamu ya zamani ya kupuliza kwa miguu, na hazina kitufe cha kubonyeza.

Kwaya yetu inasoma sol-fa tu. Inanisaidia au inanichelewesha?

Inakusaidia kuliko unavyodhani, na swali hili ndilo ninalotaka ulisome polepole.

Sol-fa tunayoimba makanisani ilianzia Uingereza katika karne ya 19. Sarah Glover ndiye aliyeuanzisha mfumo, John Curwen akaurekebisha na kuueneza, na wamisionari wakauleta Afrika. Uzuri wake uko kwenye jambo moja: do haina makazi ya kudumu. Juu ya karatasi ya kwaya mmeandikiwa Do ni G, mnapewa sauti, mnaimba. Wiki ijayo Do ni A flati, mnapewa sauti, mnaimba vile vile. Hakuna mwana soprano aliyewahi kulalamika kwamba A flati ni ngumu. Mama anayeuza samaki Deep Sea asubuhi na kuimba alto jioni anahamisha ki bila kutoa jasho, kwa sababu kichwani mwake hakuna herufi, kuna do na jamaa zake.

Wewe mpiga kinanda ulikuwa hivyo hivyo ulipokuwa unaimba. Ulipokaa kwenye kinanda mtu akakuambia "hii nyeupe hapa ndiyo do", ukaamini. Tangu siku hiyo umeifunga do kwenye C kama mbuzi kwenye mti. Kazi ya kujifunza ki zote ni kumfungua yule mbuzi tu. Muziki wenyewe unaujua tayari, ni mkono ndio uko nyuma ya sikio.

Fanya hivi. Chagua ki, tuseme F. Imba do kwa sauti ya F. Sasa panda ngazi huku ukiimba majina: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Kati ya mi na fa ni nusu toni, kati ya ti na do ni nusu toni, kwingine kote ni toni nzima. Mkono ukigusa B nyeupe mahali pa fa, sikio lako litapiga kelele, nawe utasogea kwenye B flati bila kuambiwa na kitabu. Kisha kordi tatu za msingi: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Kisha pambio moja unalolijua hata usingizini. Imba sol-fa yake wakati unalipiga, usiseme herufi hata moja.

Wengine hutumia namba, moja, nne, tano, badala ya do, fa, so. Ni sawa. Kwenye bendi namba ni rahisi zaidi, maana unaweza kumwonyesha mpiga besi vidole vinne na akaelewa hata kama spika zinanguruma.

Nianze na ki gani baada ya C?

G na F. G inatofautiana na C kwa noti moja tu, F imekuwa F shapu. F nayo inatofautiana kwa moja, B imekuwa B flati. Kisha D na B flati, zenye mbili mbili. Kisha A na E flati, tatu tatu. Kisha E na A flati. Zilizobaki, yaani B, D flati na F shapu, zinakuja zenyewe baadaye.

Utaratibu huo ni mzuri, ila usiufuate kama msahafu. Tazama unapiga na nani. Magitaa hupenda E, A, D na G, kwa sababu nyuzi zake zilizo wazi ziko huko. Tarumbeta na saksafoni hupenda B flati, E flati na F. Kama timu yako ya sifa ina gitaa la solo na besi, nenda D na A mapema. Kama mnapiga na tarumbeta kwenye maandamano ya Pasaka, nenda B flati. Na kama mna mwimbaji mmoja tu anayeongoza kila Jumapili na sauti yake iko A flati, basi ndugu yangu, A flati ndiyo ki yako ya pili, hata vitabu vikisema nini.

Ki ndogo zisikutishe. A ndogo inatumia noti zile zile za C, E ndogo zile za G, D ndogo zile za F. Kwa sol-fa, wimbo umehamia kwa la tu. Kwa hesabu kamili kuna ki 24, kubwa 12 na ndogo 12, na Johann Sebastian Bach mwaka 1722 alikamilisha mkusanyiko wenye utangulizi na fuga katika kila moja. Wewe hujaombwa hayo. Umeombwa mapambio.

Vibonyezo vyeusi vinanitia hofu. Vidole vinateleza.

Chopin, mtunzi na mpiga piano wa Poland wa karne ya 19, alikuwa akiwaanzisha wanafunzi wake kwa ngazi ya B, yenye vibonyezo vyeusi vitano, kabla ya C. Aliona kwamba vidole virefu vya katikati hulala juu ya vyeusi kwa starehe, na gumba fupi hubaki chini kwenye nyeupe. Ukijaribu utamkubali. C ni rahisi kwa macho, lakini kwa mkono ni uwanja mtupu usio na alama, huwezi kujua uko wapi bila kutazama.

Siri iko kwenye gumba. Katika ngazi, liepushe na vibonyezo vyeusi. Mkono wa kulia katika C, G, D, A na E hutumia vidole vile vile (gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5): 1, 2, 3, kisha gumba linapita chini, 1, 2, 3, 4, 5. Umejifunza moja, umejifunza tano. F pekee inataka 1, 2, 3, 4, kisha gumba kwenye C, maana kidole cha nne kinaangukia B flati. Kwenye B, D flati na F shapu, vile viwili vyeusi vilivyoshikana hupigwa kwa 2 na 3, na vile vitatu kwa 2, 3 na 4, gumba likiingia kwenye nyeupe zilizo katikati. Basi.

Nahesabuje transipozi? Mimi huwa nabahatisha mpaka isikike sawa.

Hesabu nusu toni kutoka ki ambayo vidole vyako vinapiga mpaka ki unayotaka isikike. Vyeusi vinahesabiwa pia. Ukipiga C:

D flati +1, D +2, E flati +3, E +4, F +5, F shapu +6, G -5, A flati -4, A -3, B flati -2, B -1.

Kutoka G kwenda juu nimeandika namba za kutoa kwa makusudi. Ukitaka A ukaweka +9, utaipata A, lakini kinanda chote kitakuwa kimepanda na besi yako itasikika kama filimbi. Chagua njia fupi.

Kosa ninaloliona kila wiki: mtu anadhani namba ile inahesabiwa kutoka C siku zote. Hapana. Kama mkono wako unapenda G na kwaya iko A flati, unahitaji +1 tu. Mkono uko D na wanataka C? -2. Anayejua ki nne vizuri mkononi, tuseme C, D, F na G, hahitaji kwenda zaidi ya hatua mbili za transipozi kufika popote duniani. Huo ni mpango wa kati ambao nauheshimu. Si ki 12, si moja.

Mpiga besi akiuliza "ki gani?", nijibu ipi?

Inayosikika. Siku zote. Vidole vyako viko wapi ni siri ya ndoa yako na kinanda. Ukijibu "C" huku umeweka +3, yeye atapiga C ya kweli, wewe utatoa E flati, na waumini watadhani shetani ameingia kwenye spika.

Tunapiga na vijana wa tarumbeta. Wao wakisema C, sio C yangu. Nani mkosaji?

Hakuna mkosaji. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: mpigaji akisoma na kupiga C yake, masikioni inafika B flati ya kinanda. Saksafoni ya alto ni ya E flati, C yake ni E flati yako. Ndivyo vilivyoundwa. Ili wenye tarumbeta waingie kwenye C ya kinanda, wapige D yao.

Angalizo moja: desturi ya vikundi vya tarumbeta vya Kilutheri vyenye asili ya Ujerumani ni kusoma noti kama inavyosikika, kwa hiyo aliyefunzwa huko anaweza kukuambia C na ikawa C yako kweli. Muulize kabla, mwambie apige noti moja, uitafute kwenye kinanda. Pwani hii imecheza beni na matarumbeta tangu zama za Wajerumani, huwezi kukosa mtu wa kukuelekeza. Mkikubaliana B flati, wao wanapiga C yao nyepesi nanyi mnaondoka vizuri. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuijua B flati kwa mkono.

Napiga taarab, si kwaya. Ushauri ni huo huo?

Sehemu kubwa, ndiyo. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoliweka gitaa katikati ya taarab, na nyimbo nyingi za mtindo ule hukaa vizuri kwenye vibonyezo kama vilivyo. Mpigaji wake anafaidika na ki nyingi kama wa kwaya tu.

Ila ukiingia kwenye makamu, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, zenye sauti za katikati, mambo yanageuka. Rast, moja ya makamu hizo, ikianzia C inataka E na B zilizoshuka robo toni, yaani senti 50, nusu ya nusu toni. Sauti hizo haziko kwenye kibonyezo chochote. Vinanda vinavyoruhusu kupanga kila noti, mahali panapoitwa Scale Tune, vinakuwezesha kuzishusha. Sasa tuseme mwimbaji anataka Rast ianzie G. Ukiipiga kwa mkono itabidi upange upya: B ishuke, F shapu ishuke, na E irudi mahali pake. Katikati ya shughuli, na watu wanatunza, nani ana nafasi hiyo? Hapa mimi mwenyewe nasema bonyeza transipozi, -5, na uache mpangilio wako wa C ulivyo. Lakini jaribu nyumbani kwanza. Baadhi ya vinanda mpangilio huhama pamoja na transipozi, vingine huubakiza kwenye noti zilizopangwa mwanzo. Weka transipozi, piga ngazi yako, sikiliza kama mi bado iko katikati. Sikio litakuambia mara moja.

Ibada ya kwanza watu hawafiki juu, ya pili wanafika. Nifanyeje?

Sauti ya asubuhi iko chini, kila mwimbaji anajua. Mimi hutazama noti ya juu kabisa ya wimbo. Kwa watu wengi wasio wanakwaya, ukipita D iliyo juu ya C inayofuata baada ya C ya kati, akina baba wanaanza kunyamaza, na ukifika F wamebaki akina mama watatu na mwalimu wa kwaya. Ibada ya saa 12 na nusu shusha toni nzima, ya saa 3 rudisha. Kwa kazi hii transipozi ni chombo halali kabisa: karatasi ni ile ile, vidole ni vile vile, umeweka -2 tu. Na ukimaliza rudisha sifuri. Andika kwenye kipande cha karatasi ubandike juu ya kinanda, SIFURI, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya mwenzako wa ibada inayofuata.

Naweza kubonyeza transipozi katikati ya wimbo ili tupande?

Unaweza, kama una mkono wa tatu. Vinanda vingi hubadilisha noti utakazobonyeza baada ya hapo, zile ulizozishikilia hubaki zilipo, kwa hiyo kuna sekunde ya vurugu.

Njia ya mkono ni nzuri zaidi, na wanakwaya wanaisikia ikija. Kabla ya ki mpya, piga tano saba ya hiyo ki mpya, yaani kordi ya so yake yenye saba. Uko C unataka D: piga A saba, ishikilie, watazame waimbaji, ingia D. Uko G unataka A flati: piga E flati saba. Uko F unataka G: D saba. Ile kordi ni kama mtu kukunja mguu kabla ya kuruka. Kitufe hakikunji mguu, kinakurusha tu, na ndiyo maana kupanda kwa transipozi husikika kama kanda iliyoruka.

Ngoma nazo zinapanda?

Hapana. Seti ya ngoma haiguswi na transipozi, kiki, ile ngoma ya mguu, inabaki kiki. Besi na kordi za mtindo unaojipiga wenyewe ndizo zinazohama pamoja nawe.

Mwanangu wa miaka 9 amegundua kitufe. Nikizibe?

Mwache akichezee wiki moja, ni cha kufurahisha. Kisha mpe mchezo: weka transipozi bila yeye kuona, mwambie aimbe do, apige, aseme kama kinanda kimehamishwa. Watoto wengine husikia papo hapo. Wachache wenye sikio linaloshika jina la kila noti huchukia kabisa kubonyeza C na kusikia E flati, kichwa kinawauma. Hao usiwalazimishe, waache wajifunze ki kwa mkono, watakwenda haraka kuliko wewe.

Itanichukua muda gani?

Wanafunzi wangu wanaokaa kinandani robo saa kila siku humaliza ki moja kwa wiki mbili hivi, kiasi cha kupiga mapambio bila kutazama. C unayo, zimebaki 11. Kwa hiyo miezi mitano na kidogo. Anayekuja Jumamosi peke yake na hagusi kinanda siku nyingine, sina hesabu yake.

Wakati wa mazoezi transipozi ibaki sifuri. Nawaambia wabandike selotepu juu ya kitufe. Usijifunze ngazi tupu kwa miezi, utachoka, shika wimbo mmoja unaoupenda na uuzungushe. Jumatatu C, Jumanne F, Jumatano B flati, na kuendelea. Ukikosea usirudi mwanzo, endelea, maana kwaya nayo haitarudi mwanzo kwa ajili yako.

Jumapili, kwenye ibada, tumia chochote kinachokusaidia. Sijawahi kumkemea mtu kwa kubonyeza kitufe madhabahuni.

Na wewe mwalimu, bado unaitumia?

Ndiyo. Kuna mzee mmoja kwenye kwaya yetu, tena sauti yake ni ya dhahabu, akianzisha tenzi hutua kati ya B na C bila kukosa, na mara nyingi ni B. Naweza kuipiga B. Lakini tenzi zile zina beti sita, mkono wangu wa kushoto una mshipa unaouma tangu mwaka juzi, na saa 12 na nusu asubuhi bado sijanywa chai. Naweka -1.